Munyu Kwenye Chupa ya Maombi

Vijana wenye kamera za filamu wamerudi. Wananijia hapa Kambi Muru, Kibera, simu mkononi, kamera ya babu shingoni, wananiambia kuna watu ng'ambo wamegundua kwamba filamu inaweza kuoshwa kwa kahawa. Wamegundua. Mimi huwaacha waongee mpaka wamalize, halafu nawauliza: kabla duka halijaanza kuuza dawa kwa paketi, picha zilikuwa zinaoshwa na nini? Mate?

Mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, kuandika mnaona naandika, na hesabu ya dakika na vijiko hakuna profesa wa kunifundisha. Kazi niliianza kwa kufagia studio ya Mhindi mmoja mjini. Alikuwa na mizani ndogo ya shaba na mitungi ya unga mweupe, na kila asubuhi alipima na kuchanganya dawa yake mwenyewe, kama alivyofanya baba yake. Aliniambia wazee wa kwanza wa kazi hii walitoa dawa kwenye vitu vichungu, vinundu vya miti na magome, jamii ya vile vitu ambavyo watu wa ngozi hutumia kwa ngozi zao. Kila mmoja alikuwa na yake, na kila mmoja alimficha mwenzake. Paketi zilikuja baadaye. Kwa hivyo mtu akiniambia dawa ya nyumbani ni mtindo wa juzi, namjibu ya dukani ndiyo ya juzi. Ya nyumbani ndiyo mama.

Mhindi yule alinifundisha na jambo lingine, na hilo ndilo limenifikisha umri huu. Usiamini dawa, usiamini mteja, usiamini hata mkono wako. Onja, jaribu, ndipo ufanye.

Dawa yangu nitaitaja, lakini si yote. Kuna kahawa ya kopo, ile ya bei ya chini, kwa sababu ile ya watu wakubwa ni laini mno. Kuna vidonge vyeupe vya vitamini C, vilivyosagwa. Halafu kuna munyu. Mtu wa kwetu magharibi ameshanielewa. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, jivu lake unalitia kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji polepole, na yale ya rangi ya chai yanayodondoka ndiyo munyu. Kwetu ndio unaolainisha mrenda na kunde. Ukiusugua vidoleni unateleza kama sabuni, ukiuonja unauma ulimi. Kahawa peke yake haitoi picha hata ukiisubiri mpaka Krismasi. Munyu ndio unaoiamsha. Vipimo sitasema.

Munyu huo nilikuwa nauficha. Kuna mzee mmoja anakaa Kawangware 46, tulianza naye kazi katika studio hii hii ya mabati. Tuliachana zamani. Nilimfukuza au aliondoka, inategemea unamuuliza nani. Kule 46 yeye aliwaambia watu dawa ni yake, mimi huku Kibera niliwaambia ni yangu, na tukaishi hivyo, kila mmoja na mji wake. Lakini mgeni yeyote akiniuliza habari za dawa, kitu cha kwanza kunijia kichwani ni kwamba ametumwa na huyo.

Basi munyu wangu niliutia kwenye chupa isiyoonyesha ndani, kama zile watu hubeba kanisani maji yao yakaombewe. Nikaibandika karatasi na kuchora msalaba kwa wino mwekundu. Chupa nikampa mke wa mwanangu aiweke kwake, mlango unaotazamana na wangu, nikamwambia hayo ni maji ya maombi, asiyachezee. Kwetu mzee haingii chumbani kwa mke wa mwanawe kupekua rafu. Mwizi anayenijua angejua hata mimi siwezi kuficha kitu pale. Nikihitaji, namwita, analeta, nageuka mgongo, namimina, namrudishia. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Sasa, siku ile alikuja binti wa Riruta. Binti namwita kwa sababu ya umri wangu, lakini alikuwa mtu mzima, fundi wa nguo, ile tepu ya kupimia bado iko shingoni. Akasimama mlangoni.

"Guka, habari ya mchana."

Nikamwambia mimi si guka wake, wajukuu wangu nawajua wote. "Umetumwa na nani?"

"Nimejituma," akasema, na akaketi bila kukaribishwa.

Akafungua leso, ndani mna kamera. Akanieleza pole pole. Mama yake alikufa yeye hajafika umri wa kushika sura ya mtu kichwani. Alilelewa na mama mdogo hapo Riruta. Picha za mama yake zilikuwa chache, na zote ziliungua nyumba ilipoungua. Sasa mama mdogo anahama kurudi mashambani, amefungua sanduku la bati, amemkabidhi kamera hii: chukua, ilikuwa ya mama yako. Na ndani yake bado kuna filamu. Alikuwa ameipeleka mjini kwenye maduka mawili. Moja walimwambia imezeeka, aitupe. La pili kijana alitaka kufungua mgongo wa kamera hapo hapo kwenye mwanga ili aone kuna nini, naye akamnyang'anya.

Hapo nikamheshimu kidogo.

"Sura ya mama yangu siijui," akasema. "Kama yuko humu, nataka kumwona mara moja. Kama hayuko, niambie hayuko."

Nikamuuliza nani alimwelekeza kwangu. Akajibu bila kufikiria. Kuna mzee anauza mboga za kienyeji pale 46, ndiye aliyemwambia kuna dawa naichanganya mwenyewe.

Moyo wangu ukafungwa kama mlango wa kiosk. Huyu mtu wa 46 anajigamba dawa ni yake, mbona asimwoshee yeye? Nikaona ni moja kati ya mawili. Ama binti katumwa kuiba vipimo, ama kapewa filamu mbovu makusudi, niiharibu, kisha Kawangware yote icheke. Na binti naye hakunisaidia. Akauliza kama anaweza kusimama ndani aangalie, na kama anaweza kuchukua video kidogo kwa simu. Nikamwonyesha benchi la nje. Nikavuta pazia mpaka nikabaki naona viatu vyake kwa chini.

Kabla ya hapo niliirudisha filamu kwenye mkebe wake kwa kuzungusha kile kishikio kidogo cha kamera, nikiacha ulimi nje. Ulimi ni kile kipande cha mwanzo ambacho huwa kimeshaona mwanga, hakina picha. Binti aliomba ashike mkebe kidogo. Akageuka, akafanya nini sijui, akanirudishia. Hata hilo nililiandika kichwani.

Nikamwita mke wa mwanangu, akaleta chupa, mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa. Desturi yangu ni kuonja. Tone moja kwenye ulimi, ndipo najua nguvu ya munyu ni ngapi na maji niweke kiasi gani. Kuonja ndiyo siri yenyewe, si vijiko. Lakini pazia langu lina tundu, na viatu vilikuwa vimesogea. Nikajiambia, nikionja ataona. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, sikuonja.

Nikachanganya. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa: nikakata kipande cha ulimi wa filamu, nikakidumbukiza kwenye dawa. Dawa nzima hukigeuza cheusi kama sufuria ya kuni, hapo hapo ukitazama. Dawa iliyokufa hukiacha kilivyo.

Nikangoja. Kikabaki cheupe, rangi ya maziwa. Nikangoja tena, nikahesabu kwa saa ya ukutani dakika kumi. Maziwa yaliyodondokewa na chai, basi.

Nikakitia mfukoni. Niliwashuku wote. Nikamshuku mwenye duka aliyeniuzia kahawa, kwamba amechanganya na mahindi ya kuchoma. Nikashuku vidonge kuwa ni chaki. Nikamshuku binti, ingawa hakuwa ameigusa meza. Zaidi ya wote nilimshuku yule wa 46, ingawa sikujua mkono wake ungefikaje mpaka humu. Mwisho nikainua chupa yangu yenye msalaba, nikaonja.

Maji. Maji ya bomba, yenye harufu ya mtungi wa plastiki.

Nikamwita mke wa mwanangu. Kwetu humkaripii mke wa mwanao, hata kumkazia macho si adabu, kwa hivyo niliongea nikitazama ukuta. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyegusa maji yale. Akasema hapana, ni yeye tu. Kila asubuhi ananyunyizia mlango, na mtoto akiwa na joto anampaka kwenye paji la uso.

"Na yakipungua?"

"Naongeza, Baba. Pasta anasema ya maombi hayaishi. Ukibakisha tone, maji yote unayoongeza yanabarikiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulete. Si wewe mwenyewe ulisema ni ya maombi? Na mtoto alipona."

Nje kwenye benchi binti alicheka. Si kicheko kikubwa, lakini nilikisikia. Na mimi ningemwambia nini mke wa mwanangu? Kwamba baba mkwe wake alichora msalaba kwenye chupa ya munyu wa mboga? Nikamwambia ni vizuri mtoto alipona.

Ilibidi nimweleze binti kwamba dawa yangu imeisha nguvu, na kitu kimoja kinakosekana. Sikumwambia ni kipi. Nikamwambia aniachie filamu, aje kesho. Akaitazama filamu, akanitazama mimi, akanyoosha mkono na kuichukua.

"Siiachi," akasema. "Wewe unaenda wapi? Twende wote."

Tukafuatana kwa miguu mpaka Kawangware, kila mmoja akimchunga mwenzake, yeye ameukumbatia mkoba wake, mimi nimebeba chupa tupu. Tungekutana na polisi, sijui wangemshika nani kwanza.

Kwa nini 46? Kwa sababu munyu wa siku hizi sokoni ni magadi ya duka yaliyokorogwa kwenye maji na kutiwa rangi. Mtu ninayemjua bado anachoma maganda na kuchuja jivu ni mmoja, na ni yule yule. Nilimkuta amekaa nyuma ya mafungu ya mrenda na saga, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikuwa sijamkaribia hivyo kwa miaka mingi. Nikamwambia nataka munyu, chupa moja, wa mboga.

"Wa mboga," akasema. "Tangu lini wewe unapika?"

"Tangu leo."

Akamwona binti nyuma yangu, akamtikisia kichwa kama mtu aliyetarajia kumwona. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa chupa. Nikamwambia aonje kwanza yeye.

"Unaniogopa mpaka leo?"

"Siogopi. Anza wewe."

Akamimina tone kwenye kiganja, akalamba, akakunja uso. Akaninyooshea chupa. Nikaonja. Uliuma. Ulikuwa munyu wa kweli, wa zamani, mpaka masikio yalinisimama. Bado nikasugua vidoleni, nikaunusa, nikatazama chini ya chupa kama kuna uchafu. Yeye alikuwa ananiangalia tu.

Nikamuuliza kwa nini hakumwoshea mwenyewe, kama dawa ni yake jinsi anavyowatangazia watu. Akainua mikono yote miwili juu ya mboga. Ilikuwa inatetemeka kama majani. Akasema macho nayo yamekwenda, vyombo ameshauza, na kama filamu ni ya mwisho, mtu mwenye akili humpelekea fundi mwenye wasiwasi. "Na mwenye wasiwasi kukushinda wewe sijamwona."

Nikajua si matusi. Nikafunga chupa, nikageuka niende. Ndipo akaniambia, si kwa sauti ya juu.

"Mama yangu aliulizia kabla hajafa. Akasema, ile mboga yenu ya picha, iliiva?"

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa Kibera. Wakati ule mimi na huyu tulikuwa pamoja, dawa ya dukani ilipotea mjini. Mhindi wangu alikuwa ameshahama. Tulikuwa na filamu za watu waliopigwa picha za arusi na vitambulisho, na hatuna cha kuzioshea. Mimi nilikumbuka maneno ya vitu vichungu. Jirani yetu Mnubi alikuwa anakaanga kahawa, tukachemsha kahawa yake, nzito kama lami, tukatia kipande cha filamu. Hakuna. Tukajaribu majani ya chai. Hakuna. Mama yake huyu alikuwa amekuja kutoka nyumbani kutibiwa miguu, amekaa pembeni anachambua kunde, na kando yake chupa ya munyu aliyoibeba kutoka kijijini. Akatutazama tukisumbuka na sufuria. Akasema, nyinyi wanaume, kitu kigumu hakiivi bila munyu. Akamimina mwenyewe, bila kupima, kama anavyomimina kwenye mboga. Kipande kikawa cheusi mbele ya macho yetu.

Vidonge nilivibuni mimi baadaye. Hivyo ni vyangu na sivitoi. Lakini munyu ulikuwa wa mama.

Sisi wawili tuligombana kuhusu ni nani alianza, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja yeye. Alipofariki nilipelekewa habari. Nikashuku ni ujanja wa kunileta karibu wanibembeleze vipimo. Sikwenda kumzika.

Nikamjibu, "Iliiva." Akatikisa kichwa, akarudia kumwagia mboga zake maji.

Tuliporudi studio jua bado lilikuwa juu ya mabati. Safari hii nilionja mbele ya binti. Nikachanganya mbele yake, ingawa nilimzibia vijiko kwa bega. Nikamwambia aitoe filamu, nikakata kipande kingine cha ulimi palepale mezani, nikakitia kwenye dawa. Tukainama wote wawili juu ya kikombe. Kikaanza kuiva pembeni, kijivu, kikaingia katikati, kikawa cheusi kabisa. Akakishika, akakiinua dirishani, mwanga haukupita.

Ndipo akaniachia filamu.

Niliingia chumba cha giza peke yangu. Hapo mtu hana macho, ana vidole. Nikaivingirisha kwenye chombo chake, nikafunga, nikatoka, nikamimina dawa, nikaanza kugeuza chombo taratibu huku nikitazama saa. Binti alikaa mbele yangu akivuta tepu yake kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Maji, kisha dawa ya kugandisha picha isifutike, ambayo ni ya dukani, siwezi kuwadanganya, hiyo hakuna mama aliyenionyesha. Kisha maji tena, mengi.

Nilipoifungua, mwanzo wote ulikuwa ukungu. Filamu iliyokaa sandukuni miaka yote hiyo huingiwa na kutu yake. Nikavuta kidogo kidogo, ukungu, ukungu. Nilimwona akijifunga mikono kifuani. Karibu na mwisho zikatokea tano. Ya nne ilikuwa mwanamke amekaa kwenye kizingiti cha mlango, ameweka kiganja juu ya macho kukinga jua, anacheka na mtu aliyeshika kamera. Mapajani kuna miguu miwili midogo ya mtoto, kichwa cha mtoto kimekatwa na ukingo wa picha.

Negativi haisomeki na mtu asiyeizoea, uso ni mweusi na nywele ni nyeupe. Nikamwambia alete ile simu yake niliyoizuia. Akapiga picha ya filamu ikiwa dirishani, akabonyeza mambo yake ya kugeuza rangi, na pale kwenye kioo mama yake akatokea.

Hakulia, kama mlikuwa mnangoja hilo. Aliketi. Akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya macho, vile vile, akatazama simu, akakitoa, akakirudisha.

Baadaye aliuliza nani alinifundisha kuchanganya vile. Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Nikalimeza.

"Mama yake yule mzee wa mboga," nikamwambia. "Alikuja mjini kutibiwa miguu."

Akauliza jina lake, nikamwambia. Hapa siliandiki, kwa sababu karatasi hufika hata kwa watu nisiowaamini.

Filamu ilipokauka niliikata vipande, nikaviweka kwenye bahasha, nikadhani tumemaliza. Binti akavuta tepu kutoka shingoni. Akapima kile kipande cheusi nilichomwonyesha. Akapima mabaki ya ulimi yaliyobaki kwenye mwanzo wa filamu. Akajumlisha midomo ikicheza.

"Mzee," akasema, "nilipokurudishia mkebe, ulimi ulikuwa inchi nne na nusu. Niliupima. Sasa hapa nina tatu. Inchi moja na nusu iko wapi?"

Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakitoa kile cha kwanza, kimekauka na kujikunja, cheupe kama maziwa. Akakinyoosha juu ya meza, akakipima, ndipo akafunga bahasha.